Jini la mjomba limerudi, na linacheza bao

 

Wiki hii sina habari ya mapenzi wala ya madeni, ingawa madeni yapo tele. Nina habari ya kompyuta. Ebo, usifunue ukurasa! Si ile ya ofisini yenye mafaili ya bosi. Hii ina vitufe vya raba vilaini kama pipi, haina kioo, na kwa miaka kadhaa majirani kule Ng'ambo, Unguja, walikuwa na uhakika kwamba ni jini.

Basi sikia. Mjomba wangu alikuwa baharia. Mwaka 1984 meli yao ikatia nanga Uingereza. Wenzake wakakimbilia viatu na redio, yeye akarudi na kiboksi cheusi chenye ukubwa wa kitabu, na ubavuni kina mistari minne ya rangi: nyekundu, njano, kijani na buluu. Sinclair ZX Spectrum.

Nyie wa kizazi cha simu ya kugusa, ngoja niwape darasa dogo. Spectrum ilitolewa Uingereza Aprili 1982 na kampuni ya bwana mmoja aitwaye Clive Sinclair. Ile ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, na ile ya kilobaiti 48 pauni 175. Kilobaiti 48, ndugu yangu! Picha moja uliyopiga jana kwenye harusi haiingii humo hata ukiikunja mara nne. Lakini ilikuwa rahisi, na watoto wengi wa Uingereza wakajifunzia humo kuandika programu. Zikauzwa mamilioni.

Kioo haikuja nacho. Unachomeka kwenye televisheni ya nyumbani. Diski hamna. Programu unahifadhi kwenye kaseti, hii hii uliyorekodia taarab.

Sasa piga hesabu. Mwaka 1984 huku Bara televisheni hakuna, za kwanza zimekuja kuwasha mitambo mwaka 1994. Unguja walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Na kompyuta ndiyo usiseme: mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali maalumu, na marufuku hayo yakadumu mpaka miaka ya 1990. Kwa hiyo mjomba alikuwa na kitu ambacho mtaani kwao hakuna aliyewahi kukiona, na alikuwa mahali ambapo kingeweza kuwaka. Bahati ya baharia.

Jini linatokea wapi? Kwenye mlio. Spectrum ikisoma kaseti, inasikika sauti kali: "tiiiiiii... krrrrrrr", na pembeni mwa kioo mistari ya rangi inakimbizana, kwanza nyekundu na samawati, halafu buluu na njano. Programu ya kujaza kilobaiti 48 inachukua kama dakika tano za kelele hizo. Mjomba alikuwa anafanya kazi usiku, watu wakishalala. Jirani akisikia ukuta unapiga mluzi saa saba za usiku na dirisha linabadilika rangi, wewe ungefikiri nini?

Mjomba alifariki miaka mingi iliyopita, Mungu amrehemu. Mwaka jana nikavuka na boti kwenda kumjulia hali mkaza mjomba. Baada ya shikamoo na chai ya maziwa na mkate wa ufuta, akaniletea sanduku la bati.

"Chukua, mwanangu. Miye n'shachoka kulinda kitu n'sichokijua."

Ndani kulikuwa na Spectrum, redio kaseti, na kaseti mbili. Ya kwanza taarab. Ya pili imeandikwa kwa kalamu ya wino, mkono wa mjomba: BAO.

"Hii nini?" nikauliza.

Mkaza mjomba akacheka mpaka akashika mbavu. "Si aliniambia anaifundisha mashine kucheza bao! Nikajua tena, bahari ishamvuruga huyu."

Jamani, nywele zilinisimama. Mjomba alikuwa ameandika programu. Bao la Kiswahili, mwaka themanini na ngapi huko, nyumbani Ng'ambo, bila mwalimu. Na nakala yake duniani ni moja tu, iko kwenye ukanda wa kaseti uliokaa kwenye joto na chumvi ya bahari kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nikarudi Dar na boti ya jioni, sanduku nimelipakata kama mtoto mchanga.

Sasa hapa naomba mnisitiri. Kosa nililofanya ni langu mwenyewe, wala simsingizii fundi wala muuza duka. Adapta ya mjomba ilikuwa imekatika waya, basi nikaenda Kariakoo nikanunua mpya. Mashine inataka volti 9, nikanunua volti 9. Kichwa kikaingia chenyewe bila kulazimisha. Nikawasha kwa mbwembwe, mama watoto na wanangu wamekaa kwenye mkeka kama wanasubiri fainali ya kombe.

Puuu! Moshi.

Kumbe adapta nyingi za siku hizi katikati ya kichwa ni chanya, nje hasi. Spectrum imetengenezwa kinyume: katikati hasi, nje chanya. Nimeingiza umeme kinyumenyume. Siku arobaini za mjomba nililia, na siku hiyo nusura nilie tena. Mama watoto akafungua dirisha, akasema neno moja tu: "Hongera."

Nikapeleka kwa fundi mmoja wa redio hapa Magomeni, mzee wa zamani, mikono myepesi. Akafungua, akanusa, akapima kwa testa. Saketi inayotengeneza volti za kumbukumbu ilikuwa imeungua pale kwenye transista. Na hapo ndipo penye kidonda cha mashine hii. Chipu nane za kumbukumbu ya chini, zile za kilobaiti 16 za mwanzo, zinakula volti tatu tofauti: 5, 12, na 5 hasi. Ikikosekana hiyo hasi, chipu zinakwenda na maji. Picha ya kwenye kioo nayo inakaa katika kumbukumbu hiyo hiyo, ndiyo maana zikifa unaona takataka za mistari tu.

"Chipu hizi zilishaacha kutengenezwa siku nyingi," mzee akasema. "Utapata za kuokoteza, nazo ni wazee kama mimi."

Hapo ndipo nikagundua kwamba duniani kuna watu hawalali. Watu wenye kazi zao, wengine wanesi, wengine madereva, lakini jioni wanatengeneza vipuri vya kompyuta ambayo kiwanda chake kilishaiacha. Sinclair aliuza biashara yake ya kompyuta kwa Amstrad mwaka 1986, na mwenyewe amefariki Septemba 2021. Lakini hawa washikaji wanaendelea tu, kana kwamba hawajaambiwa.

Mfano, kuna chipu inaitwa ULA, ndiyo inayochora picha na kusikiliza kaseti na vitufe. Ilitengenezwa na Ferranti wa Uingereza, haipo tena. Mwingereza mmoja, Chris Smith, akaichunguza mpaka ndani kabisa, akajua kila waya unakwenda wapi, na mwaka 2010 akachapisha kitabu kizima kuihusu. Akatengeneza na Spectrum nyingine kabisa, Harlequin, ambayo badala ya ULA inatumia chipu ndogo ndogo za kawaida. Leo ukiwa na bodi tupu, pasi ya risasi na roho ya kobe, unaweza kujijengea Spectrum yako kuanzia sifuri.

Mama watoto akaniuliza, kwa nini basi usijenge hiyo mpya, hii mbovu ukaiweka kabatini? Nikamwambia hii ndiyo mjomba aliibonyeza. Akanyamaza. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na ile cherehani mbovu bado iko chumbani kwetu mpaka leo. Yeye mwenyewe anashonea nyingine.

Nikaagiza vitu vitatu kutoka Ulaya. Cha kwanza, kibao kidogo cha kumbukumbu chenye chipu moja ya kisasa, kinachukua kazi ya zile nane na kula volti 5 tu, kwa hiyo ile saketi korofi haina kazi tena kwake. Cha pili, utando mpya wa kibodi, maana ule wa zamani ukizeeka unakatika kama jani kavu la mgomba. Cha tatu, na hiki ndicho bomba, kifaa kinaitwa DivMMC. Unakichomeka mgongoni mwa mashine, unakitia memori kadi kama ya kamera, na programu iliyokuwa inachukua dakika tano inaingia kabla hujapepesa macho. Kina na kitufe, ukibonyeza mashine inasimama na kukuonyesha orodha ya yaliyomo kwenye kadi.

Jumla laki tatu na ushee. Mama watoto alipoona risiti... tuache hiyo, gazeti hili linasomwa na watoto.

Kazi ikaanza. Chipu nane, kila moja miguu 16, jumla miguu 128 ya kung'oa. Mzee akanifundisha siri: usilazimishe kuing'oa chipu mfu ikiwa nzima, utabandua njia za shaba kwenye bodi. Kata miguu yote kwa koleo ndogo, toa mwili, halafu uchomoe mguu mmoja mmoja kwa pasi. Tulichukua jioni nne. Tukabadilisha na kapasita zote kavu. Kile kipande kinachopunguza volti 9 kuwa 5, ambacho zamani kilikuwa kinachemka mpaka unaweza kukaangia dagaa, tukaweka cha kisasa kisichopata moto.

Picha nayo tukaipitishia njia ya mkato. Mashine hii zamani ilijifanya kituo cha televisheni, inatoa picha kwenye chaneli 36 na wewe unaitafuta kama unatafuta stesheni ya redio. Tukakiruka kile kidude, tukatoa picha moja kwa moja kwenye waya wa njano, ule ule wa kuchomekea deki. Adapta safari hii nilipima kwa testa mara tatu. Mzee naye akapima. Mama watoto akasema na yeye apime.

Tukawasha. Kioo cheusi. Roho ikashuka mpaka kwenye kandambili. Kisha kioo kikawa cheupe, na chini kabisa maandishi madogo: © 1982 Sinclair Research Ltd.

Nilipiga ukelele mpaka muuza chipsi akaja kuuliza kama kuna msiba.

Lakini ngoja, bado. Mashine kuwaka ni jambo moja, kaseti kusomeka ni jambo jingine. Na kaseti ya zamani huwezi kuichezea chezea, kila ukiizungusha unaichosha, na ikikamatwa na mashine mbovu inatafunwa. Tukabadilisha kwanza mkanda wa raba wa ile redio kaseti, tukasafisha hedi kwa spiriti, tukaijaribu kwa ile ya taarab. Ikalia vizuri. Ndipo tukaweka BAO, na badala ya kuipeleka moja kwa moja kwenye Spectrum, tukairekodi sauti yake kwenye laptopu. Hilo shikeni: ukiwa na nakala moja, kwanza nakili, ndipo ucheze.

Nikachukua ile sauti, nikaitia kwenye simu, nikachomeka waya wa spika za masikioni kwenye tundu la EAR la Spectrum. Ndiyo, simu yako inaweza kuwa redio kaseti ya mwaka 1982, mashine haijui tofauti, yenyewe inasikia mlio tu. Nikabonyeza J, ambayo kwa mashine hii peke yake inaandika LOAD, nikaweka alama za kunukuu, nikapiga ENTER.

Tiiiiii... krrrr... Kisha: R Tape loading error.

Nikaongeza sauti. Error. Nikapunguza. Error. Siku tatu. Nikaanza kukubali kwamba ukanda umekufa na mjomba amekwenda na bao lake.

Siku ya nne mama watoto anashona pale pembeni, akaniambia bila kuinua kichwa: "Sauti yake imeziba. Kama mtu anaongea ndani ya shuka." Akachukua bisibisi yake ndogo ya cherehani, akauliza kama kuna skrubu inayosogeza ile hedi. Ipo! Ina kazi ya kuikalisha hedi sambamba na ukanda. Ikipinda kidogo tu, taarab utaisikia sawa lakini kompyuta haielewi kitu. Akacheza kaseti, akaizungusha skrubu robo ya robo, masikio yamesimama kama ya sungura, mpaka ule mlio ukawa mkali wa kutoboa. "Hapo hapo. Rekodi."

Nikarekodi upya. Nikapiga LOAD. Mistari nyekundu na samawati. Kichwa cha habari kikatokea: Program: BAO. Mistari ya buluu na njano. Kimya.

0 OK.

Msomaji, nilikuwa nimesahau kupumua.

Kikatokea kibao cha safu nne, mashimo manane kila safu, yote 32, na kete zimeandikwa kwa tarakimu. Nyumba ina kete sita, kila mmoja ana kete 22 mkononi za kuanzia namua, kama inavyotakiwa. Chini kwa herufi kubwa: KARIBU. TIA KETE. Ukikosea, inakuandikia: UNAIBA! Huyo ni mjomba mtupu. Ndivyo alivyokuwa akitupigia kelele barazani.

Tukacheza. Mashine inafikiri kwa sekunde kumi, kumi na tano, inakula, inasambaza. Inanipiga! Mpaka ikafika zamu ambayo haina cha kula, ikatakiwa itakate tu. Ikasimama. 9 STOP statement, 9000:1. Nikafungua orodha ya programu, nikateremka mpaka chini. Mstari wa 9000 ni STOP. Na wa 9010 umeandikwa: REM TAKATA BADO. NIKIRUDI SAFARI.

Hakurudia tena ile kazi. Safari zilikuwa nyingi, kisha zikaja na za hospitali.

Nikaihifadhi BAO kwenye memori kadi, nakala nyingine kwenye laptopu, nyingine nikamtumia binamu yangu. Kisha nikapakia kila kitu na kuvuka tena. Nikamkalisha mkaza mjomba mbele ya televisheni yake, nikabonyeza kitufe cha DivMMC kwa majivuno, nikachagua BAO, na kufumba na kufumbua kibao kikaonekana. Nikasubiri anipongeze.

Akaangalia kile kioo. Akaniangalia mimi.

"Mbona kimya?" akasema. "Na ule ukelele wake uko wapi? Mume wangu akiwasha mashine, miye nalala huku nasikia. Nikiusikia najua yumo ndani, hayuko baharini."

Basi nikazima. Nikatoa simu na waya, nikapiga LOAD kama zamani. Tiiiiiii... krrrrrr... Mistari ikakimbia ukutani. Mkaza mjomba akafumba macho, akaegemea, na kwa muda wote wa kelele ile hakuna aliyesema neno. Kutoka nyumba ya pili mzee mmoja akaita kwa dirishani: "Bibiye! Jini lako limerudi?"

"Limerudi," akajibu. "Lakini halijui kutakata."

Nami sasa kila jioni nimekaa kwenye kibodi ya raba, naandika kuanzia mstari wa 9000. Si kazi ndogo, na kumbukumbu iliyobaki naihesabu kama nauli ya mwisho wa mwezi. Kile kifaa cha memori kadi sikukichomoa. Kinanisaidia kuhifadhi kazi haraka, maana umeme wetu mnaujua. Ila tundu la EAR liko pale pale, nalo halizibwi. Ukimwongezea mzee fimbo, humkati miguu.

Na wewe unayesoma, ndani kwenu hamna sanduku la bati? Kaseti ya babu akitoa wasia, au ya harusi ya mama yako? Nakili wiki hii. Ukanda hausubiri. Na kabla hujachomeka adapta yoyote, naomba kwa heshima zote, pima katikati kama ni chanya au hasi.

Tukutane wiki ijayo, kama mama watoto hajaiona risiti ya pili.